Makaa meupe ya Mamboleo

UKITEREMKA kwa matatu kutoka Kakamega, ukapita Chavakali kisha Kiboswa, joto la Kisumu hukupokea kabla hujaliona ziwa. Barabara inashuka, masikio yanaziba kidogo, watoto wanaanza kuvua sweta, na makanga anagonga bati la gari akiita, "Mamboleo! Wa Mamboleo wajitayarishe!" Hapo utaona abiria wakigeuza vichwa upande mmoja kama walioambizana. Si ajali wanayoitazama. Ni moshi wa nyama.

Mamboleo, mpendwa msomaji, ni kituo kilicho kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, mwendo mfupi tu baada ya Kondele ukitokea katikati ya jiji. Ni hapo ambapo barabara ya Miwani na Chemelil inachepuka kwenda nchi ya miwa. Zamani watu wa mbali walipajua kwa uwanja wa maonyesho ya kilimo. Siku hizi wengi wanapajua kwa uwanja wa michezo wa Jomo Kenyatta, ambako Sikukuu ya Madaraka iliadhimishwa Juni 1, 2021, Rais Évariste Ndayishimiye wa Burundi akiwa mgeni wa heshima. Waliosoma historia ya magazeti nao watakumbuka kwamba Mambo Leo lilikuwa jina la gazeti la Kiswahili lililoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka wa 1923.

Na kweli mambo ya hapo ni ya leo. Bodaboda zinakatizana, tuktuk zinapiga honi, mama mboga anakuita kabla hujashuka garini. Kila mtu ana haraka. Asiye na haraka ni mmoja tu, naye ni mchomaji nyama.

Mimi sikufika kwake kutalii. Nilifika kwa sababu ya aibu, na baada ya aibu, hofu.

Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa Aprili, nyumbani kwetu Nairobi. Wakwe zangu walikuwa wamesafiri kutoka mashambani kuja kuwaona wajukuu. Mume wangu, ambaye kama wanaume wengi huamini kwamba kuchoma nyama ni kipaji anachozaliwa nacho mtu, alinunua kilo nne za mbuzi. Akajaza jiko makaa, akayamwagia mafuta ya taa, akawasha kiberiti. Mwali ulipopanda hadi kiunoni, alisema, "Sasa huu ndio moto," akaitandaza nyama yote juu yake.

Baada ya dakika 20 nyama ilikuwa nyeusi kama mkaa wenyewe. Tulipoikata, damu ilichuruzika ubaoni. Ladha yake ilikuwa ya taa ya chemli. Baba mkwe alitia kipande kimoja mdomoni, akatafuna, akatafuna, akatazama mbali kama mtu anayekumbuka jambo la zamani. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, omena hamna?"

Hiyo ndiyo aibu. Hofu nitaisimulia baadaye, kwa maana ilitokea jioni ya siku hiyo hiyo, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Ilipofika likizo ya Agosti tukafunga safari kwenda Kisumu. Wifi yangu anayeishi huko alikwisha kusikia habari za omena, kwani habari kama hizo husafiri haraka kuliko basi la usiku. Alitupokea kwa kicheko, na kesho yake, Jumamosi, akatupeleka Mamboleo. "Nendeni mkaone watu wanaojua," alisema. "Na wewe shemeji yao," akamgeukia mume wangu kwa mzaha, "nenda ukanyamaze."

Hukumu ya moto

Mchomaji tuliyemkuta ni mtu wa makamo, mfupi, mwenye aproni iliyokuwa nyeupe siku za nyuma. Jiko lake limeundwa kwa pipa lililopasuliwa kwa urefu na kulazwa juu ya miguu ya vyuma. Juu yake kuna wavu mzito wa chuma. Upande wa ziwa ameegemeza bati refu, na mwanangu wa kwanza, ambaye yuko darasa la sita, alitaka kujua bati hilo ni la nini.

"Ni la upepo," alijibiwa. "Mchana upepo unatoka ziwani. Usiku unageuka, unatoka huku juu milimani kwenda ziwani. Mimi pia nageuza bati."

Mwanafunzi msomaji, hili ndilo somo la jiografia ulilokariri darasani. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yake ikipanda juu, ile ya ziwani huvuta kuja kujaza pengo. Jua likizama, nchi kavu hupoa upesi na mambo yanageuka. Kwa mchomaji, upepo usiozuiwa una maana moja: makaa ya upande mmoja yanawaka kwa fujo na ya upande wa pili yanalala. Ukichoma nyumbani, hata kwenye uga mdogo wa mtaani, angalia kwanza upepo unatoka wapi kabla ya kuweka jiko.

Mume wangu alikuwa na swali lake. "Jaduong', nyama itakuwa tayari baada ya dakika ngapi?"

Mzee alimtazama. "Wewe unakula dakika ama unakula nyama?"

Wifi yangu alikohoa ili asicheke.

Nilitoa daftari langu. Kitu cha kwanza nilichoandika ni hiki: mzee hatumii mafuta ya taa hata tone. Huwashia magunzi makavu ya mahindi na vibanzi vya mbao, akapanga makaa juu yake kama kichuguu ili hewa ipite chini, kisha akaenda kuzungumza na muuza nyanya. Mafuta ya taa huingia ndani ya makaa, na harufu yake hupanda kwenye nyama muda mrefu baada ya mwali kuzimika. Kama huna magunzi, karatasi na vijiti vinatosha. Kinachotakiwa ni kuwasha mapema.

Alikaa nusu saa nzima. Makaa yakapitia hatua zake: kwanza moshi, halafu mwali, halafu wekundu. Mume wangu alinyanyua sahani ya nyama mara mbili, na mara mbili mzee akamwashiria airudishe. Mwishowe makaa yakavaa majivu, yakawa meupe juu na mekundu ndani, bila moshi wala mwali.

"Sasa tazama, nyaminwa," aliniambia, yaani dada yetu. "Makaa meusi ni ya kupaka nyama moshi. Makaa yenye mwali ni ya kuchemsha chai. Makaa meupe ndiyo ya nyama."

Hakuyaacha yalivyo. Kwa kipande cha nondo aliyasukuma mengi upande mmoja wa pipa na kuacha machache upande wa pili. Hivyo akawa na moto wa aina mbili: mkali wa kukausha na kupaka rangi, na mpole wa kuivisha. Nyama ikianza kuwaka au kuungua, huhamishwa tu kwenda upande wa pili, hakuna kupigana na moto kwa maji. Nadhani tungalijua hili moja tu mwezi wa Aprili, baba mkwe angalikula.

Joto analipima kwa kiganja. Alikitandaza juu ya wavu, kama urefu wa kidole kirefu na zaidi kidogo, akahesabu polepole kwa Kijaluo: achiel, ariyo, adek. Hapo akauondoa mkono upesi. Huo ni upande mkali. Upande mpole alifika auchiel, sita, ndipo akauondoa. Wanangu walijaribu wote wawili, kwa zamu, na hadi leo wanahesabu hadi sita kwa Kijaluo kuliko walivyowahi kufundishwa na baba yao.

Mbuzi na wakati wake

Nyama tuliinunua bucha ya jirani. Wifi yangu si mtu wa kupewa chochote kinachotoka nyuma ya kaunta. Alitaka kuuona mhuri wa mkaguzi kwanza, ule wa rangi unaopigwa kwenye mzoga, halafu akachunguza mafuta na rangi. Mbuzi mchanga nyama yake huwa nyekundu ya kupauka na mafuta yake meupe. Mzee huwa mwekundu wa kukolea, na huyo afadhali umpeleke kwenye sufuria. Tulichukua mbavu na mguu wa nyuma. Mbavu ni nyepesi, zina mafuta kati ya mifupa na hazimwaibishi anayejifunza. Mguu ni mnene, na mnene maana yake ni subira.

Mzee aliipangusa nyama kwa kitambaa safi hadi ikakauka. Nilishangaa, maana nyumbani kwetu huwa tunaiosha na kuitupa motoni ikichuruzika maji. Alieleza kwamba nyama iliyolowa haichomeki, inachemka. Wanasayansi wanakubaliana naye. Ile rangi ya kahawia na harufu inayokutoa mate hutokana na protini na sukari za nyama zikikutana kwenye joto kali, kiasi cha nyuzi 140 na kupanda. Mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeieleza hali hiyo mwaka wa 1912. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, kwa hivyo mradi uso wa nyama una maji, joto lake halifiki huko.

Mbavu zilianza upande mkali, dakika chache kila upande, zikapata rangi, kisha zikahamia upande mpole. Mguu ulikaa upande mpole tangu mwanzo na kumalizia kwenye ukali. Hakuna aliyedunga nyama kwa uma. Hakuna aliyeikandamiza ili "iive haraka", jambo linalofanywa na wajuaji wengi. Kinachotoka unapokandamiza ni ule utamu wenyewe. Na mzee hageuzi nyama ovyo. Huiacha hadi iachane na wavu yenyewe. Ikishika wavu, alisema, bado haijakubali.

Kuhusu viungo, alikuwa na chumvi peke yake. Aliiyeyusha katika maji ya vuguvugu ndani ya chupa iliyotobolewa kifuniko, akawa ananyunyiza kidogo nyama ilipofika katikati. Wa Pwani watanuna kusikia hivi. Najua, nimekula mishkaki ya Mombasa iliyolazwa kwenye tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi, na siwezi kuisema vibaya. Papai bichi lina kimeng'enya kinacholainisha nyama, na nusu saa hivi inatosha kwa vipande vidogo. Ukiilaza usiku kucha utapata uji. Lakini mbavu za mbuzi mchanga hazihitaji kusaidiwa. Kama unapenda mchuzi wenye sukari au nyanya, upake dakika za mwisho, la sivyo utaungua kabla nyama haijaiva.

Mafuta yalipodondoka na mwali ukaruka, mzee hakupiga kelele. Alivuta ubavu pembeni, akangoja, akaurudisha. Si suala la sura tu. Mafuta yakiungua juu ya makaa hutoa moshi wenye kemikali zinazogandama kwenye nyama, na sehemu zilizoungua hadi kuwa nyeusi huwa na nyingine, ambazo wataalamu wanazihusisha na saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka nyama nyekundu mwaka wa 2015 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha ugonjwa huo. Hakuna anayekukataza kula mbavu Jumamosi moja. Ila ile ganda jeusi ambayo wengine hugombania, ikwangue uitupe.

Mbavu zilichukua kama dakika 45. Mguu ulizidi saa moja na nusu. Katika muda huo wifi yangu alitusimulia harusi tatu na msiba mmoja, watoto wakanywa soda, na mume wangu akajifunza kukaa. Ilipotoka motoni, nyama haikukatwa papo hapo. Ilifunikwa kwenye sinia dakika kumi. Ukiikata ikiwa bado inafoka, maji yake yote yanabaki ubaoni, nawe unatafuna kamba.

Hapo kwenye ubao nina neno. Ubao wa mzee uliokatiwa nyama mbichi uliwekwa kando, na wa nyama iliyoiva ukaoshwa kwa maji moto mbele yetu. Sikatai kwamba nimeona vibanda vingine, katika miji mingi, ambako ubao ni mmoja na kisu ni kimoja kuanzia asubuhi hadi usiku. Nyumbani ni rahisi kukosea vivyo hivyo: sahani iliyobeba nyama mbichi kwenda jikoni ndiyo hiyo hiyo inayotumika kurudisha iliyoiva. Tenga sahani mbili. Kwa kuku usifanye mzaha kabisa. Huyo hupaswa kuiva hadi ndani, nyuzi 74 kwa wenye kipimajoto. Wasio nacho wamkate kwenye kiungo cha paja. Wakiona wekundu mfupani, arudi motoni.

Tulikula kwa ugali, kachumbari na osuga, ile mboga ambayo wengine mnaiita mnavu au managu. Kachumbari ilikatwa nyama ikiwa inapumzika, si mapema, kwa sababu nyanya zilizotiwa chumvi hutoa maji. Mume wangu alipiga simu nyumbani kwa baba yake na mdomo umejaa. Sikusikia alichojibiwa.

Samaki wa Dunga

Kesho yake wifi yangu alisema haiwezekani mtu atoke Nairobi hadi Kisumu akale mbuzi tu. Tukateremka hadi Dunga, ufukwe wa wavuvi ulio kusini mwa jiji, ambako mashua hutia nanga na samaki hununuliwa wakiwa bado wanang'aa.

Samaki anahitaji moto ule ule mweupe, lakini si subira ile ile. Ngege mzima wa kutosha sahani anahitaji dakika saba au nane kila upande. Mchague kwa macho angavu yaliyojitokeza na matamvua mekundu. Akiwa na macho ya ukungu na tumbo lililolegea, mwache. Kina mama wa Dunga humpaa magamba, wakamtoa matumbo, wakamchanja mara tatu kila ubavu ili joto na chumvi viingie. Kisha humkausha. Aibu kubwa ya samaki wa kuchoma ni ngozi kubaki kwenye wavu. Dawa yake ni wavu uliosuguliwa, ukapashwa moto vizuri, ukapakwa mafuta kidogo, na samaki aliyekauka. Usimguse hadi ngozi iachie. Nyama yake ikigeuka nyeupe kabisa na kuachana na mfupa kwa ncha ya kisu, mtoe.

Neno la kando kwa wapenzi wa ngege: ngege wa asili, ambaye wataalamu humwita Oreochromis esculentus, ameadimika mno katika ziwa hili. Wengi tunaowala leo kwa jina hilo ni jamaa yake wa mto Naili, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950. Mbuta naye ni mgeni wa miaka hiyo hiyo, na ndiye aliyewamaliza samaki wengi wadogo wa asili. Mbuta ana mafuta, kwa hivyo mkate vipande vinene, mwanzie upande wa ngozi, na umweke mbali na makaa mengi, maana mafuta yake yatawasha mwali kama yale ya mbuzi.

Jioni ya Aprili

Sasa nirudi kwenye ile hofu.

Jumapili ile ya Aprili, baada ya baba mkwe kula omena, mvua ilianza. Mnaijua mvua ya Aprili. Tulikimbiza viti ndani, tukakimbiza watoto, na jiko nalo tukaliingiza jikoni. Makaa yalikuwa yamebaki mengi, na bei ya gunia ni ya kumfanya mtu ahesabu hata vipande. Yalikuwa meupe kabisa, mazuri, hayatoi moshi hata kidogo. Mume wangu alisema hata yatatupasha joto. Upepo ulikuwa unarusha mvua, tukafunga mlango na madirisha. Mama mkwe akakaa huko jikoni na kijana wangu mdogo, mwenye miaka tisa, wakichambua mboga.

Haikupita nusu saa, kijana akasema kichwa kinamuuma. Nilimwambia ni njaa. Akatapika. Nilidhani ni ile nyama mbichi. Mama mkwe alitaka kusimama amsaidie, miguu ikakataa. Nashukuru kwamba mama huyo amepikia makaa maisha yake yote. Alipaza sauti kwa nguvu alizobaki nazo: "Fungueni mlango! Ni makaa!"

Tuliwatoa nje wote wawili, mvua ikiwanyeshea, tukawakimbiza zahanati. Walitiwa oksijeni, wakapata nafuu usiku huo. Daktari alituketisha. Alisema makaa yanayowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Ikiingia mapafuni hujishika na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayoizidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mtu anapumua lakini mwili haupati hewa. Kichwa kinauma, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, viungo vinalegea. Aliyelala haamki. Alisema watu wengi hudanganyika hapo hapo tulipodanganyika sisi: wanadhani hatari iko kwenye moshi, na moshi ukiisha wanaingiza jiko ndani. Makaa meupe yasiyo na moshi yanaendelea kuitoa hewa hiyo hadi yazimike kabisa.

Kwa hivyo, mpendwa msomaji, mzee wa Mamboleo alipoyasifu makaa meupe, mwili ulinisisimka. Ni yale yale. Nilimsimulia yaliyotupata. Aliacha kugeuza nyama, akasikiliza hadi mwisho, akamtazama kijana wangu kwa muda.

Jioni hiyo wateja walipopungua alituita tuone anavyofunga kazi. Hamwagii makaa maji, kwa maana maji huyapasua na kurusha majivu ya moto. Aliyachota kwa koleo, akayatia ndani ya mkebe mkubwa wa bati, akaushindilia kifuniko. Makaa yakikosa hewa hufa yenyewe, na asubuhi yaliyosalia huwashwa tena. Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, alisema, alijifunza kutotupa hata kipande, na ingawa marufuku hiyo iliondolewa mwaka wa 2023, tabia imebaki. Ukiwa na jiko la kawaida la udongo, mkebe wowote wa chuma wenye kifuniko kinachobana utafanya kazi hiyo. Mkebe wenyewe huwa moto sana, hivyo usiuweke juu ya zulia au karibu na watoto. Mvua ikikukuta, jiko libaki nje chini ya dari lililo wazi pande zote, au linyeshewe. Makaa ya shilingi mia mbili hayana thamani ya mtu.

Kijana wangu alikuwa amechuchumaa akiutazama mkebe.

"Babu," aliuliza, "huu utaingia nao nyumbani?"

"Hapana, wuoda," mzee alijibu, akausukuma kwa mguu hadi ukutani, nje ya kibanda, mbali na mlango. "Mimi nalala ndani. Huu unalala nje."